Present perfect ina uperfect gani hasa?

Juzi usiku mtoto wa dada yangu alikuwa mezani anahangaika na homuweki ya Kiingereza, mimi niko pembeni nachezea simu zangu, ghafla akaniuliza swali ambalo lilinifanya niiweke simu chini. "Anko, hii present perfect ina uperfect gani? Mbona sentensi zenyewe mbaya tu?" Akanisogezea daftari, mfano wa tatu umeandikwa "The house has burnt down". Nyumba imeungua. Kweli bana, perfect iko wapi hapo?

Nikacheka, alafu nikagundua sina jibu la maana. Na siyo yeye tu, ukipita kwenye magrupu ya kujifunza Kiingereza hili neno linavuruga watu kila siku, mmoja anasema ni tensi ya vitu vilivyotokea muda si mrefu, mwingine anasema ni ile "me" yetu ya "amekula" tu, unaweka "has" mambo yanaisha, mwingine anamkosoa mwenzie aliyeandika "very perfect" kwamba hilo ni kosa la jinai. Wote wana kaukweli kidogo na wote wanapotosha kidogo. Ngoja tulifungue taratibu.

"Perfect" asili yake ni Kilatini, perfectus, na perfectus inatoka kwenye kitenzi perficere, ambacho ukikivunja unapata vipande viwili: per, hapa ina maana ya kwenda hadi mwisho, na facere, kufanya. Kwahiyo perfectus ni kitu kilichofanywa mpaka kikaisha. Basi. Kwenye mzizi hakuna habari ya uzuri. Chukulia fundi kamaliza kushona shati, hata kama mkono mmoja mrefu kuliko mwenzie, kwa maana ile ya mwanzo kabisa shati limeshakuwa perfectus, kazi imeisha, njoo uchukue. Habari ya uzuri ilijishikiza juu yake kwa njia ambayo wala si ngumu kuielewa: kilichofika mwisho hakijapungua kitu, kisichopungua hakina kasoro, na kisicho na kasoro kila mtu anakitaka. Hata Warumi wenyewe walishaanza kulitumia hivo.

Sisi mbona tunalo neno linalofanya mambo hayohayo na hatushangai. "Kamili", tuliyoichukua kwenye Kiarabu. Ukisema saa mbili kamili hausifii saa mbili kwamba ni nzuri, unasema imetimia, haijapungua dakika. Ukisema hakuna binadamu mkamilifu hapo sasa unaongelea kasoro na tabia. Mzizi mmoja, kazi mbili, na kila mtu anajua muda huu tuko kwenye kazi ipi. Na vitabu vya sarufi vya Kiswahili vilipotafuta jina la hii hali ya "me" vikachukua "timilifu", kutoka kutimia. Yaani waliotafsiri walijua wanachofanya, hawakuandika "wakati mzuri".

Kiingereza kililipata neno kupitia Kifaransa cha zamani, na mwanzoni lilikuwa halina hata hiyo c. Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, alimuita yule mpiganaji wake wa farasi "parfit", na Wafaransa mpaka leo wanasema "parfait". Baadaye wasomi wa Uingereza waliokuwa na mapenzi makubwa na Kilatini wakairudisha c ili neno lifanane na babu yake. Walifanya hivohivo kwenye "debt" wakachomeka b, tofauti ni kwamba b ya "debt" mpaka leo imekaa kimya wakati c ya "perfect" watu walianza kuitamka. Kwahiyo siku ukiona spelingi ya Kiingereza haieleweki ujue mara nyingine kuna mtu aliichezea makusudi.

Kitu kingine cha haraka, mkazo. Ikiwa kivumishi unakandamiza mwanzo, PERfect. Ikiwa kitenzi, yaani kukamilisha au kunoa kitu mpaka kiive, unakandamiza mwisho, perFECT. Ni mtindo uleule wa "record" na "present".

Sasa ukishika hiyo maana ya "kamili, haijapungua", matumizi mengi yanayoonekana ya ajabu yananyooka yenyewe. "A perfect stranger" si mgeni mzuri, ni mtu usiyemjua kabisa, ugeni wake umetimia. "A perfect fool" ndo hivohivo, usije ukashukuru ukidhani umesifiwa. "A perfect storm" ni pale mambo mabaya yote yanayohitajika yamekutana kwa wakati mmoja na hakuna hata moja lililokosekana, msemo huu ulishika kasi sana baada ya dhoruba ya mwaka 1991 kwenye Atlantiki ya kaskazini, na hakuna mtu aliyekuwa ndani ya dhoruba ile aliyeiona nzuri.

Kwenye hesabu kuna namba zinaitwa perfect, na hizi wala haziombi ujue hesabu nyingi. Chukua 6. Namba zinazoigawanya bila kubaki, ukiacha yenyewe, ni 1, 2 na 3. Zijumlishe unapata 6, imejirudia nzima bila pungufu wala ziada. Inayofuata ni 28, yaani 1 na 2 na 4 na 7 na 14, jumlisha mwenyewe. Alafu unasafiri mpaka 496, kisha 8,128. Wagiriki wa kale ndo waliozipa jina hilo, na neno lao lilikuwa lina maana ya kitu kilichotimia, Kilatini kikalipokea kwa perfectus.

Kwenye elimu ya mimea ndo inanifurahisha zaidi. Ua la maharage linaitwa perfect kwa sababu sehemu ya kiume na ya kike zote zimo ndani ya ua moja. Mahindi maua yake ni imperfect, ya kiume yako kule juu kabisa yanamwaga ule unga, ya kike yako chini yanatoa zile ndevu, wametengana vyumba. Hakuna aliyesema muhindi ni mmea mbaya. Ni kwamba ua moja limepungukiwa na upande mmoja, ndo maana yake.

Na kuna hii ya siku hizi, unapiga simu huduma kwa wateja, anakuuliza tarehe ya kuzaliwa, unamtajia, anajibu "Perfect!" Jamani tarehe yangu ya kuzaliwa ina ukamilifu gani. Hapo neno limechoka, limebaki kuwa kama "haya" au "sawa nimepata, twende", usiumize kichwa, ila ukiliangalia vizuri hata hapo kuna kaharufu ka "kipengele hiki kimeisha".

Tuje kwenye ule ugomvi wa "very perfect" na "more perfect". Wakosoaji wanasema kitu ama ni perfect ama siyo, hakuna kuzidi. Sasa nenda kasome utangulizi wa katiba ya Marekani ya 1787, wameandika wazi kabisa "a more perfect Union". Walikosea? Fikiria ndoo ya maji. Ndoo ikijaa imejaa, haiwezi kujaa kuliko kujaa. Lakini ndoo mbili ambazo hazijafika ukingoni unaweza kabisa kusema hii imejaa zaidi ya ile, na kila mtu atakuelewa kwamba ipo karibu zaidi na ukingo. "More perfect" ni hiyo ndoo, muungano uliosogea karibu zaidi na ukingo.

Wanaisimu wana namna nzuri ya kupima vivumishi vya aina hii. Wanaangalia vinakubali kukaa na maneno gani. "Almost perfect", sawa. "Absolutely perfect", sawa. "Slightly perfect", hapana, sikio linakataa. Hiyo inaonyesha neno lina ukingo wa juu, unaweza kuukaribia au kuufikia, lakini halina kile kiwango kidogo cha kuanzia, tofauti na "tall" ambayo haina ukingo wowote, maana hakuna urefu ambao mtu akiufikia unasema huyu kashamaliza kuwa mrefu. Kwahiyo "very perfect" si kosa la jinai, inakwaruza tu masikio ya wengi, na kwenye maandishi rasmi mimi ningeiacha. "More perfect" na "nearly perfect" tumia bila wasiwasi.

Haya, sarufi. Hapa ndo palipomkwamisha kijana.

Warumi walipoanza kuchambua lugha yao waliona vitenzi vinagawanyika makundi mawili makubwa, vya tendo ambalo halijaisha na vya tendo lililoisha. Varro, msomi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kuhusu mgawanyo huo huo, infectum upande mmoja na perfectum upande mwingine. Walimu wa sarufi waliofuata wakaendelea kupachika majina: perfectum, imperfectum, na plusquamperfectum ambayo tafsiri yake ni "zaidi ya iliyoisha", yaani tendo lililokuwa limeshaisha kabla ya jingine kuanza. Ndo maana mtu akijifunza Kifaransa akakutana na imparfait asidhani ni tensi yenye kasoro, ni "nilikuwa nakula", tendo tunaliangalia likiwa katikati, mwisho wake hauonekani. Karne nyingi baadaye walioandika sarufi ya Kiingereza wakachukua lebo za Kilatini wakazibandika kwenye lugha yao. Lebo zilikuwa za shati la mtu mwingine, na mimi nadhani nusu ya mkanganyiko wote unaanzia hapo.

Kwa sababu present perfect ya Kiingereza haisemi tu "limeisha". Inasema kuna jambo la nyuma na lina mkono wake kwenye sasa hivi. Umeamka asubuhi, umefungua mlango, ardhi imelowa, majani yanadondosha matone. Unasema nini? "Mvua imenyesha." Hukuiona wala hukuisikia, unaona alama yake tu. Wiki mbili baadaye unasimulia safari yako unasema "mvua ilinyesha", maana ardhi ilishakauka na sasa ni stori. Imenyesha inaangalia udongo, ilinyesha inaangalia ile siku. Ndo tofauti ya "it has rained" na "it rained".

Ukiielewa hiyo, ule uongo wa kwanza unakufa. Present perfect siyo tensi ya vitu vya karibuni. "I ate two minutes ago" ni dakika mbili tu zimepita na ni past simple, yaani wakati uliopita wa kawaida, ile "li" yetu. "The dinosaurs have died out", hao wametoweka kama miaka milioni 66 iliyopita na ni perfect, kwa sababu matokeo bado yapo, angalia dirishani hakuna dinosaria. Karibu au mbali siyo ishu, ishu ni kama unaiongelea ile siku au unaongelea hali iliyobaki. Na ndo maana Kiingereza kinakataa "I have seen him yesterday", ukishataja jana umeshaitaja siku, perfect inafukuzwa. Sisi "nimemuona jana" tunasema kila siku na dunia inaendelea kuzunguka, Wafaransa na Wajerumani nao tensi zao zinazofanana na hii kwa umbo zinakaa na jana vizuri tu, kwahiyo kosa hili si la watu wenye akili ndogo, ni sheria ya Kiingereza ambayo inabidi uimeze.

Alafu Wamarekani wenyewe hawana haraka nayo sana. Muingereza atauliza "Have you eaten yet?", Mmarekani mara nyingi utamsikia "Did you eat yet?" Zote ni Kiingereza.

Sasa ule uongo wa pili, kwamba "me" ni sawa na "has". Huu umeniumbua mimi mwenyewe. Miaka ya nyuma kidogo mteja mmoja wa nje alipiga simu ofisini anamtaka mwenzangu, ilikuwa usiku kwetu na mwenzangu alikuwa kapitiwa na usingizi kwenye kiti, mimi nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Sorry, he has slept." Mteja akafurahi, "Oh good, put him on then!" Nikabaki naangalia simu. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba nimemwambia jamaa ameshalala vya kutosha, usingizi ameumaliza, yuko freshi.

Tatizo haliko kwenye "me" wala kwenye "has". Liko kwenye kitenzi. "Lala" ya Kiswahili inaanzia pale unapoingia usingizini. Ukiweka "me" unasema ameshaingia, matokeo yake sasa yuko humo. "Sleep" ya Kiingereza ni kile kipindi chote cha kuwa usingizini, ukiweka perfect unasema kipindi kimeshapita. Perfect zote mbili zimefanya kazi yao kwa uaminifu, ila moja imefunga mlango wa kuingilia na nyingine imefunga mlango wa kutokea. Na vitenzi vya hivi tunavyo rundo, vingi vya mwili na hisia: amesimama ni "he is standing", amevaa suti ni "he is wearing a suit", nimechoka ni "I'm tired", nimeshiba ni "I'm full", amekasirika ni "she's angry". Ukibandika "has" kwenye hivi vyote unatoa sentensi ambazo ama hazipo ama zinasema kitu kingine.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huu. "He has gone to London" ni ameenda London, yuko hukohuko. "He has been to London" amewahi kwenda na alisharudi. Sisi tunaleta "wahi" kufanya hiyo kazi, wao wanabadilisha kitenzi.

Na hapa ndo lebo ya Kilatini inapoaibika kabisa. "I have lived here for ten years", mtu huyu bado anaishi hapo, hajahama, tendo halijaisha hata kidogo, na bado tensi yake inaitwa "iliyoisha". Kiswahili hapo wengi tungesema tu "naishi hapa mwaka wa kumi sasa". Kwahiyo kijana alikuwa na haki ya kulalamikia jina. Jina ni la kurithi, kazi ni ya sasa.

Ila kuna kitu kimoja kilinifurahisha nilipokuwa nachimba haya mambo. Hii "me" yetu wataalamu wengi wanaiunganisha na kitenzi cha kale cha Kibantu chenye maana ya kumaliza, ambacho Waganda na wasemaji wa Chichewa bado wanacho kama "kumala", na sisi kimebaki ndani ya "maliza" na "malizika" bila kutambua. Yaani babu zetu na Warumi bila kupigiana simu walichukua wazo lilelile, kumaliza, wakaligeuza kuwa sarufi. Na sisi tumelifanya tena mara ya pili mbele ya macho yetu, "nimekwisha kula" ikawa "nimeshakula", saizi ukiwa na njaa ya maneno unasema "nshakula". Ile "sha" ni kwisha iliyonyolewa nywele zote. Kiingereza chenyewe kilifika kwa njia nyingine, walianza na kitu kama "ninayo barua, imeandikwa", kumiliki kitu kilichokamilika, taratibu ile "have" ikasahau habari ya kumiliki.

Mwisho kwenye mambo ya wataalamu, kuna perfect na kuna perfective, na hata wanafunzi wa isimu vyuoni wanazichanganya. Perfective ni kuliangalia tendo zima kwa mkupuo kama unaitazama safari kwenye ramani, mwanzo na mwisho vyote viko kwenye picha moja, bila kujali kama leo kuna kilichobaki. Warusi wana vitenzi pacha kwa ajili hiyo, pisat' ni kuandika tukiwa ndani ya zoezi, napisat' ni kuandika mpaka ukamaliza. Perfect ni ile ardhi iliyolowa. "Alikula, akaoga, akalala" hapo matendo yote matatu yanatazamwa kama vipande vizima, na hakuna perfect hata moja.

Baada ya maelezo yote hayo (nilimpa mafupi zaidi, usijali) kijana akarudi kwenye homuweki, swali la saba, tafsiri "Mtoto amelala". Alikuwa kaandika "The child has slept". Akafuta, akaandika "The child is asleep", akaniangalia, "Na mwalimu akiweka kosa je?" Nikamwambia hawezi.

Daftari limerudi jana. Liko hapa mezani, na swali la saba lina X nyekundu, pembeni yake imeandikwa "has slept", tumia perfect.